Kibao Kirefu cha Kwendea Ruangwa

Jumatatu, 15 Julai 2002

Siku arobaini na mbili tangu Nesi Tabitha ahamishiwe Ruangwa. Nimehesabu mara mbili nikitumaini nimekosea. Sikukosea.

Leo habari njema, ya kwanza tangu Juni. Siku ya Nane Nane watumishi wa Nachingwea watacheza mpira wa matundu na watumishi wa Ruangwa, kule kule Ruangwa. Wanne kwa wanne. Na Tabitha atawachezea wao! Ametangaza Bwana Shaibu wa idara ya maji, nahodha wetu. Nilikuwa nakunywa chai, ikanipalia.

Niandike mchezo wenyewe ulivyo, nisije nikasahau uzeeni. Mzungu mmoja wa misheni alipomaliza muda wake alituachia vibao viwili na mipira kumi na mmoja ya plastiki, yenye matundu mwili mzima. Jina la mchezo hakuliacha. Tukauita mpira wa matundu. Tunachezea uwanja wa tenisi wa enzi za mradi wa karanga, saruji imepasuka, nyasi zimeota kwenye nyufa. Unaupiga mpira kwa kibao unavuka wavu, mwenzako anaurudisha. Mipira imebaki mitatu. Vibao tunachonga wenyewe.

Mwaka mzima Tabitha na mimi tulicheza upande mmoja. Yeye kulia, mimi kushoto. Mpira ukija katikati anasema, "Wangu!" Nami nauacha. Hata ukiwa wa kwangu kabisa, nauacha. Siku hizi nikiwa karakana ya shule nafundisha kupiga randa, naisikia sauti ile. Nasimama na randa mkononi, darasa zima linanitazama.

Mpango: nichaguliwe kwenye wanne. Nifike Ruangwa kwa heshima, kama mchezaji, siyo kama mtu anayezurura. Anione nacheza. Mengine yatajipanga yenyewe.

Jumatano, 17 Julai

Nimefanya utafiti. Fundi halisi haanzi na msumeno, anaanza na akili.

Kibao cha duara: chepesi, kinatii. Ni cha mtu wa karibu na wavu, anayeudondosha mpira polepole mpaka unaona aibu kuurudisha. Tabitha anacheza hicho.

Kibao kipana: uso mkubwa, moyo mkubwa. Moyo wa kibao ni pale mahali ukipiga mkono hauumi na mpira unakwenda unakotaka. Hata ukikosea, kipana kinakusamehe. Ni cha wavivu. Fortunatus, bwana mifugo, anacheza hicho. Hakimbii. Anasimama katikati kama ng'ombe aliyegoma barabarani na mipira yote inamfuata.

Kibao kirefu: mkono wako unaongezeka shibiri moja. Unaufikia mpira ulioshindikana, na ukipiga unasikika mpaka sokoni. Lakini moyo wake mdogo, kama sahani ya kikombe. Ukikosa moyo, umekosa kila kitu. Ni cha wanaume wenye shabaha.

Mimi ni mchezaji wa aina gani? Nimejiuliza kutwa nzima. Nadhani mimi ni aina zote.

Jumamosi, 20 Julai

Nimechonga cha duara, kwa mpingo. Mpingo! Mti wa kwetu, mgumu, mweusi, wa heshima. Nikautia nta ukang'aa.

Kosa moja tu. Hakinyanyuki.

Nilipokwenda kufanya mazoezi na Fortunatus niliinua mara tatu, bega likalia. Mara ya nne nikaupata mpira sawasawa na mpira ukapasuka. Imebaki miwili. Shaibu ni Myao, mimi Mmwera, kwa hiyo ni mtani wangu na mdomo wake hauna mlango. Akaniuliza mbele ya watu kama nimekuja kucheza au kutwanga kisamvu.

Fortunatus hakucheka. Hapo ndipo nilipomshuku. Kila wiki anakwenda Ruangwa kuchanja kuku, basi akanivuta pembeni akasema Nesi Tabitha ananisalimu, anauliza mbona kimya, au naumwa. Nikatabasamu. Naijua mbinu hiyo. Anataka nipoteze umakini ili nafasi yangu aichukue yeye. Nikamwambia mimi mzima wa afya, asante. Ana mke na watoto wanne, lakini adui ni adui.

Anauliza mbona kimya! Laiti ingekuwa kweli.

Jumanne, 23 Julai

Nimejaribu kipana. Mbao nyepesi zilikuwa zimekwisha karakana, nikatumia ubao wa benchi la zamani ambalo nilidhani halikaliwi. Linakaliwa. Mwalimu mkuu, Mama Marselina, alilikalia.

Nimeandika maelezo kwa maandishi, nakala mbili.

Kipana chenyewe kizuri. Kinasamehe kweli. Lakini nilipocheza nacho nilijiona natembea na sinia. Tabitha akiniona na sinia atasema nini? Nimekitundika ukutani.

Ijumaa, 26 Julai

USHINDI! Kirefu! Mninga mwembamba, mpini wa vidole sita, uso mrefu wenye mabega ya mviringo. Nilikipiga msasa kwa siku mbili mpaka kikawa laini kama shavu. Nimemshinda karani wa mahakama, nimemshinda mwalimu wa hesabu, na Fortunatus nimemkaribia sana. Shaibu akasoma majina manne na la mwisho likawa langu. Apolinari!

Fortunatus alinipa mkono. Akasema ni vizuri, sasa utakwenda kumwona Nesi. Akaongeza kwamba gari za Ruangwa zipo kila siku, hata kesho. Nikamwambia mambo mazuri hayaendi kwa haraka.

Nilirudi nyumbani nimekikumbatia kibao. Nilipofika nikakuta hakuna wa kumwambia. Nikamwambia Bi Mwamini, mwenye nyumba wangu. Akaniuliza kama nimelipata lile koleo lake la mkaa.

Jumapili, 28 Julai

Baada ya misa miguu ilinipeleka stendi. Sikuituma. Nilikuwa na shati la kola, nimejipaka mafuta, lakini hayo ni mambo ya kawaida Jumapili.

Gari la Ruangwa lilikuwa limewasha injini. Nafasi moja tu imebaki, dirishani. Kondakta akaniita, mwalimu, twende. Nikamwambia naangalia tu. Akasema gari siyo sinema. Nikaangalia mpaka likaondoka na ile nafasi yangu imekaliwa na debe la ufuta.

Ningefika ningesema nini? Habari? Mtu hapandi gari kwa muda wa saa tatu, anakula vumbi lote lile, aseme habari. Lazima pawe na shughuli. Shughuli ni tarehe nane. Nimejipa pole nikarudi.

Njiani nilipita uwanja wa karanga. Upande wa kulia palikuwa patupu. Nilisimama upande wa kushoto kidogo, nikaondoka.

Jumamosi, 3 Agosti

Siku mbaya. Niandike taratibu.

Kaka yake Bi Mwamini amefariki Mbekenyera. Tumekwenda kuzika, lori moja, mtaa mzima. Kibao nilikwenda nacho. Kukiacha chumbani zikiwa zimebaki siku tano, na Fortunatus yupo? Nilikifunga mgongoni ndani ya koti.

Lori linapita Ruangwa mjini. Linapita mbele ya hospitali kabisa! Nilipoona bati zake nikalala chini katikati ya magunia ya mchele wa msiba. Sikuwa tayari. Nilikuwa na vumbi mpaka kope, na mtu anatakiwa aonekane kwanza akiwa uwanjani. Bi Mwamini akaniuliza kama nimeshikwa na tumbo. Nikasema ndiyo. Nilisikia wauguzi wanacheka mahali fulani upande wa kushoto. Mmoja alicheka kama yeye. Nikafumba macho mpaka tukavuka.

Msibani, baada ya maziko, watani wakaanza kazi yao. Ndiyo desturi, mtani yupo pale ili wafiwa wacheke. Atachukua chochote chako, atakikejeli, na wewe utacheka naye na kukikomboa kwa kuku. Najua. Kila mtu anajua. Mtoto mdogo anajua kwamba kwa mtani hakasiriki mtu.

Shaibu akaniona mgongo. Akauliza tangu lini Apolinari amekuwa na kibiongo. Akaingiza mkono akakitoa kibao, akakiinua juu, akawatangazia wafiwa kwamba Mmwera huyu amekuja msibani na kijiko chake, na kwa ukubwa wa kijiko wapishi wajihadhari. Bi Mwamini mwenyewe, aliyekuwa analia tangu asubuhi, akacheka mpaka akashika mbavu.

Na mimi nikakasirika.

Sijui ilikuwaje. Nikasema kwa sauti, "Rudisha! Hicho si cha mchezo!" Mzee mmoja akatema mate pembeni. Kukasirikia mtani, tena kwenye msiba! Shaibu akatembea polepole mpaka jikoni, akakikabidhi kwa wapishi waliokuwa wanasonga ugali wa watu mia mbili. Mwiko wao ulikuwa umevunjika. Kibao kikazama kwenye sufuria mpaka mabegani.

Nilisimama nikatazama. Kinazunguka, kinazama, kinaibuka. Mpishi mkuu akasema tangu aanze kupika misiba hajashika mwiko uliochongwa vizuri namna ile, umefika mpaka chini, hauchomi mkono. Akauliza fundi ni nani.

Hiyo ndiyo sifa ya kwanza niliyowahi kupewa kwa kazi yangu.

Jumapili, 4 Agosti

Wazee wamenihukumu jogoo mmoja. Shaibu amempokea, tumeshikana mikono, yamekwisha. Akanirudishia kibao. Wapishi walikuwa wamekitumia chakula cha usiku na uji wa asubuhi.

Kimepinda. Ukikiangalia kwa upande kinafanana na unyayo. Kinanuka ugali ulioungua. Nimekikandamiza chini ya mawe manne na kamusi. Siku nne zimebaki na mninga mwingine sina. Mama Marselina ameifunga karakana kwa kufuli.

Tulipokuwa tunarudi nililala tena chini mbele ya hospitali. Safari hii hakucheka mtu.

Alhamisi, 8 Agosti. Nane Nane. Ruangwa!

Nimemwona.

Amepungua kidogo. Nywele amesuka mistari. Alikuwa amesimama karibu na banda la korosho, kibao chake cha duara kwapani. Alipoliona gari letu akanyoosha shingo, anatafuta mtu. Nikajificha nyuma ya Fortunatus, kwa sababu mpango ulikuwa anione kwanza uwanjani.

Uwanja wamechora kwa majivu kwenye ardhi iliyosakafiwa ya kuanikia ufuta. Watu wengi. Fortunatus alicheza kwanza, akashinda bila kutoka jasho. Kisha Shaibu akasema, Apolinari na Nesi Tabitha.

Nilikuwa nimepanga kila kitu. Nimpigie mipira laini, airudishe, mchezo uwe mrefu, tuwe kama tunaongea. Lakini kibao kilichopinda kilikuwa na mawazo yake. Nilipiga mpira wa kwanza taratibu kabisa. Ulitoka kama unakwenda kwa mgeni rasmi, ukakata kona hewani, ukaangukia mguuni mwa Tabitha akiwa bado anautazama upande mwingine. Watu wakapiga kelele. Wa pili vilevile. Nilijaribu kukosea kwa makusudi nikashindwa. Nikiupeleka nje unarudi ndani! Kumi na moja kwa mbili. Shaibu akanibeba mabegani. Mtani wangu, akiimba kwamba uji wa Mbekenyera ni dawa.

Kutoka juu ya mabega nilimwona Tabitha anaokota mpira peke yake. Nilitaka kushuka. Shaibu hakunishusha mpaka amezunguka mabanda yote.

Baadaye Tabitha alinikuta bombani nanawa. Nilikuwa nimetayarisha maneno tangu Julai. Yote yalipotea. Nikamweleza kuhusu umbo la kibao, kwamba kirefu kina moyo mdogo lakini kikipinda moyo unahama. Nilieleza muda mrefu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, taratibu, bila kunitazama:

"Apolinari, gari za Nachingwea zinashusha watu pale kila siku saa sita. Dirisha la wodi yangu linaangalia stendi. Miezi miwili nimezijua sura za abiria wote."

Nikasema nilikuwa nasubiri shughuli.

Akasema uhamisho wake mwingine umetoka. Anarudi kwao, Muleba. Mwisho wa mwezi huu. Jumapili zote hana zamu, yuko nyumbani, nyumba ya pili nyuma ya hospitali, yenye mpapai. "Njoo tu," akasema. "Usilete chochote. Njoo mikono mitupu, unywe chai."

Gari likapiga honi. Nikapanda. Sijui nilijibu nini. Nadhani nilisema hongera.

Ijumaa, 9 Agosti

Njoo mikono mitupu! Nimesoma maneno haya kichwani mara mia. Nina furaha mpaka nimesalimia mbuzi.

Lakini tujiulize. Nani anakwenda nyumbani kwa mtu mara ya kwanza mikono inaning'inia? Kwetu hakuna. Hata jirani anabeba mihogo miwili. Anasema usilete kwa sababu ya adabu, na mimi kuleta ni kwa sababu ya adabu. Nimchongee kibao. Kibao cha Tabitha, ambacho mtu akikiona atajua mchongaji alikuwa anamfahamu. Cha duara, lakini kirefu kidogo shingoni, ili asisumbuke kuinama. Hapo sitahitaji kusema lolote. Kibao kitasema.

Mama Marselina amenipa ufunguo, kwa ajili ya ushindi.

Jumapili, 11 Agosti

Vanishi haijakauka. Nimeigusa saa kumi na mbili asubuhi, inanata. Saa mbili, inanata. Gari limeondoka saa tatu. Siwezi kumpa mtu kitu kinachonata, atakumbuka kunata tu.

Jumapili ijayo.

Jumapili, 18 Agosti

Kimekauka, kinang'aa. Nilikuwa nimefika stendi nacho kwenye gazeti, mguu mmoja uko ndani ya gari. Nikakishika kama ambavyo angekishika yeye. Mpini mnene! Vidole vya Tabitha ni vyembamba, ninavikumbuka kimoja kimoja. Nikashuka. Kondakta wala hakuniita tena.

Nimeupunguza kwa tupa mchana kutwa. Kidogo kidogo, maana ukizidisha haurudi.

Jumapili, 25 Agosti

Nilizidisha.

Nimeanza kingine. Ninafanya haraka, na mbao inalijua hilo. Fortunatus anasema Nesi anaondoka Ijumaa. Nitaomba ruhusa Alhamisi. Alhamisi nitakwenda, hata kama hakijakauka, hata kama kinanata. Naapa.

Alhamisi, 29 Agosti

Mvua! Mwezi wa nane! Vanishi imeingia madoa. Nitajaribu kuisugua. Anaondoka kesho.

Jumapili, 1 Septemba

Fortunatus amekuja baada ya misa. Hakukaa. Alisimama mlangoni na kifurushi cha gazeti. Alikuwa Ruangwa juzi kuchanja kuku, akamsindikiza Nesi Tabitha stendi pamoja na wauguzi wenzake. Amesema gari lilichelewa kwa saa nzima kwa kuwa Nesi alikuwa anamwomba dereva asubiri kidogo, kuna mtu. Kisha akasema basi, twende.

Tabitha ameniachia kibao chake cha duara. Na maneno, ambayo Fortunatus aliyasema akitazama viatu vyake:

"Mwambie nilichemsha chai ya watu wawili Jumapili tatu."

Fortunatus akanishika bega. Akaniambia mwalimu, ulikuwa uende tu. Akaondoka. Nadhani nimekuwa nikimfikiria vibaya yule bwana, ingawa bado anacheza kivivu.

Nimelia. Naandika kwa kuwa hapa hasomi mtu. Nimekaa na kibao chake magotini mpaka jua likageuka. Mpini umelika mahali kidole gumba chake kilipokuwa kinakaa. Nimeweka changu pale. Hakikuenea. Nimekiweka tena.

Halafu nikachukua rula, kwa mazoea tu. Upana inchi saba na nusu. Mpini inchi nne na robo. Nne na robo! Mimi nilikuwa nachonga tano! Kumbe kosa lilikuwa hapo tangu mwanzo, na vanishi nilikuwa naisingizia. Mtu ukiwa na kipimo sahihi, mambo mengine yote yanajipanga yenyewe.

Nikatoka mbio kwa Shaibu. Amesema kuna fununu kwamba mwakani watumishi wa mikoa yote watakutana Mwanza kwa michezo. Mwanza na Muleba, nimeangalia ramani ya darasa la tano, ni ziwa tu katikati.

Mwakani! Nina muda wa kutosha. Kesho natafuta mbao.